Kompyuta ya mezani ya bei nafuu kwa gemu za kiasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila mtu mwenye bajeti ndogo anapotaka mashine ya kuchezea. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Kabla ya kutoa pesa

1. "Gemu za kiasi" ni zipi hasa?

Hakuna kipimo rasmi. Hapa tunazungumzia kucheza kwenye monita ya 1080p (nukta 1920 kwa 1080) kwa fremu 60 hivi kila sekunde, mipangilio ikiwa ya kati au juu kidogo. Kwa fremu 60, kompyuta ina milisekunde 16.7 tu za kuchora kila picha. Ikichelewa mara kwa mara utaona picha inakwamakwama, hata kama wastani unaoandikwa pembeni ya kioo ni mzuri.

Valorant, League of Legends na Rocket League ni nyepesi. GTA V na Fortnite ziko katikati. Cyberpunk 2077 na Elden Ring ni nzito. Andika majina ya gemu tatu au nne unazocheza kweli, si zile unazotamani kuzicheza siku moja, kisha tafuta mahitaji yaliyopendekezwa na watengenezaji wake. Mahitaji ya chini kabisa yapuuze, kwani mara nyingi maana yake ni kwamba gemu itafunguka, basi.

2. Kwa nini nisinunue laptopu?

Kama unasafiri nayo, nunua. Kama itakaa mezani muda wote, pesa ileile inakupa nguvu zaidi kwenye kompyuta ya mezani, na kipuri kikifa unabadilisha kipuri, si mashine nzima.

Jihadhari pia na majina. GeForce RTX 4060 ya laptopu inaweza kuwa imepewa wati 35 na mtengenezaji mmoja, na wati 115 na mwingine. Jina ni lilelile, kasi ni mbalimbali. Kwenye kompyuta ya mezani udanganyifu wa aina hii ni mdogo, ingawa haujakosekana (swali la 5).

3. Pesa niigawe vipi?

Anza na monita, maana ndiyo inayoamua kazi. 1080p ina nukta zipatazo milioni 2.07, 1440p ina milioni 3.69, 4K ina milioni 8.29, mara nne ya ile ya kwanza. Kadi ya grafiki (kipuri kinachochora picha) inayotamba kwenye 1080p inaweza kuhema kwenye 4K. Mwenye bajeti ndogo abaki 1080p na asione haya.

Ukiiweka monita kando, tenga theluthi moja hadi asilimia 45 ya pesa iliyobaki kwa ajili ya kadi ya grafiki. Kosa linaloonekana kila siku ni prosesa ya kifahari, kasha la kioo lenye taa za rangi saba, halafu kadi dhaifu. Taa haziongezi hata fremu moja. Mahali pekee ambapo hupaswi kubana matumizi, mbali na kadi, ni pawa saplai (kipuri kinachovilisha vingine umeme), na sababu zipo kwenye swali la 9.

## Vipuri

4. Je, ni lazima ninunue kadi ya grafiki?

Si lazima. Kuna prosesa zenye grafiki ya ndani inayojitahidi. Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 inacheza gemu nyepesi za swali la 1 vizuri, na zile za kati ukipunguza mipangilio. Ryzen 5 8600G ya 2024 ina nguvu zaidi, lakini inatumia soketi mpya ya AM5 na RAM ya DDR5, kwa hiyo piga hesabu ya mfumo mzima kabla ya kuifurahia. Mara nyingi bei yake inakuleta karibu sana na prosesa ya kawaida pamoja na kadi ya mtumba, na hiyo ya pili ndiyo itakayocheza vizuri zaidi.

Njia hii inamfaa anayetaka kuanza leo na kuongeza kadi baadaye. Masharti ni mawili: weka RAM mbili, si moja (swali la 7), na hakikisha pawa saplai inaweza kubeba kadi itakayokuja.

5. Kadi ipi, na yenye VRAM kiasi gani?

VRAM ni memori ya kadi yenyewe. Kwa kadi mpya, lenga GB 8 kwenda juu. Gemu nyingi za miaka ya karibuni hujaza GB 4 hata kwenye 1080p, na VRAM ikijaa data huanza kuhamia kwenye RAM ya kawaida. Hapo ndipo fremu huanguka ghafla kila unapogeuza kamera.

Kadi ninazoziona zinafaa kwa lengo letu ni hizi. Radeon RX 6600 ya 2021 ina GB 8 na hutumia wati 132, hivyo haidai pawa saplai kubwa. Kwa miaka kadhaa imekuwa jibu la kwanza kwa mtu asiye na pesa nyingi. GeForce RTX 3060 yenye GB 12 ina nafasi zaidi ya VRAM na inatumia DLSS, teknolojia ya NVIDIA inayochora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili bandia. RTX 4060 ya 2023 ina GB 8 na hutumia wati 115 tu. Intel Arc B580 ya mwishoni mwa 2024 ina GB 12 na ina nguvu kwa daraja lake, lakini inahitaji Resizable BAR (mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia VRAM yote kwa mpigo) iwashwe kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka), na huonyesha udhaifu ikiunganishwa na prosesa ya zamani. Usiifunge kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini.

Ukubwa wa VRAM peke yake si nguvu. GeForce GT 730 inauzwa ikiwa na GB 4 zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini ni kadi ya 2014 iliyokuwa dhaifu tangu siku ya kwanza. GT 1030 nayo ina sura mbili: ya GDDR5 na ya DDR4. Jina halibadiliki, ila memori ya hiyo ya pili inapitisha takriban theluthi tu ya data inayopitishwa na ya kwanza. Soma boksi hadi mstari wa mwisho.

Na ile RX 6500 XT inayoonekana rahisi? Imeunganishwa kwa njia nne tu za PCIe (kiungo cha data kati ya kadi na madabodi, yaani bodi kuu inayobeba vipuri), hivyo kwenye madabodi yenye toleo la zamani, PCIe 3.0, hupoteza kasi, hasa GB 4 zake zikijaa. Pia haina sehemu ya kurekodi video, kwa hiyo anayetaka kurusha michezo yake mtandaoni ataibebesha prosesa mzigo huo. Mimi ningeiruka.

6. Si i7 ni bora kuliko i5, na i5 kuliko i3?

Ndani ya kizazi kimoja, kwa kawaida ndiyo. Ukivuka vizazi, hapana. Core i3-12100 ya 2022 ina viini vinne (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), sawa na Core i7-4770 ya 2013, lakini inaiacha mbali sana. Kwenye prosesa za Intel za mfumo huu, tarakimu zinazofuata kistari ndizo za kutazama: 4770 ni kizazi cha 4, 8400 ni cha 8, 12100 ni cha 12. Muuzaji anayetangaza "Core i7" bila kutaja namba yote ana sababu ya kunyamaza.

Kwa gemu za kiasi, viini sita vinatosha. Ryzen 5 5600 na Core i5-12400F ndizo za katikati. Core i3-12100F inatosha kwa bajeti finyu zaidi. Ryzen 5 5500 hufanana na 5600 kwa jina, lakini kache yake ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ni MB 16 badala ya 32 na inaishia PCIe 3.0. Ichukue tu kama tofauti ya bei inaonekana wazi.

Herufi F mwishoni maana yake prosesa haina grafiki ya ndani. Bila kadi, kioo kitabaki cheusi.

7. RAM ya GB 8 inatosha?

Kwa gemu nyepesi inatosha, kwa shida, kivinjari kikiwa kimefungwa. Lenga GB 16.

Nunua mbili za GB 8, si moja ya GB 16. Zikiwa mbili, prosesa husoma kwa njia mbili sambamba, na kwa anayetegemea grafiki ya ndani tofauti yake ni kubwa kwa sababu grafiki hiyo hukopa RAM hiyohiyo. Zifunge kwenye nafasi zinazoelekezwa na kitabu cha madabodi; penye nafasi nne, kwa kawaida ni ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. DDR4 na DDR5 haziingiliani hata kwa umbo, kwa hiyo chagua madabodi kwanza.

8. SSD au HDD?

SSD. HDD, diski ya zamani inayozunguka, husoma kati ya MB 100 na 200 hivi kwa sekunde faili zikiwa zimepangana, na hudorora vibaya zikiwa zimetawanyika. SSD inayounganishwa kwa SATA, njia ya zamani, hufika karibu 550, na ya NVMe, njia mpya, hufika elfu kadhaa. Kwenye gemu, tofauti ya SATA na NVMe huionei sana, lakini ya HDD na SSD utaiona. Baadhi ya gemu, kama Starfield ya 2023, zinataja SSD kama sharti.

GB 500 hujaa haraka, maana gemu moja kubwa inaweza kuzidi GB 100. TB 1 ni raha zaidi, na HDD ya zamani itunze kwa sinema na nakala za faili.

9. Pawa saplai iwe ya wati ngapi? Ile ya bure ndani ya kasha haifai?

Kwa kadi za swali la 5, wati 500 hadi 550 za kweli zinatosha. Neno zito hapo ni "za kweli". Pawa saplai zinazokuja bure na makasha ya bei ya chini huandikwa wati 500 au 600, lakini ukisoma kibandiko cha pembeni unakuta njia ya volti 12, inayolisha prosesa na kadi, ina uwezo mdogo kuliko huo. Zidisha ampea za njia hiyo kwa 12 upate wati zake: ampea 38 ni wati 456. Jibu likiwa chini sana ya namba kubwa iliyo mbele, umeshajua unashughulika na nani.

Kipuri hiki kina uzito wa pekee kwa sababu kikifa vibaya hakifi peke yake. Kinaweza kuondoka na madabodi, diski na kadi kwa mpigo mmoja. Kadi ya mtumba ina hatari zake, lakini hatari hizo huishia kwenye kadi. Nembo ya 80 Plus ni dalili nzuri, ila inapima ufanisi wa matumizi ya umeme. Haithibitishi kwamba kinga za ndani zipo. Tafuta ya kampuni inayojulikana, yenye dhamana ya miaka kadhaa, na iliyopimwa na watu wanaoifungua na kuonyesha vilivyomo. Pawa saplai nzuri pia itahamia kwenye mashine yako ijayo.

Usitumie adapta ya Molex (plagi ya zamani ya pini 4) kulisha kadi kubwa. Kama pawa saplai haina waya wa pini 6 au 8 unaodaiwa na kadi, imekwambia yenyewe kwamba haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

10. Monita ya 144Hz (inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde) ina maana kwa bajeti yangu?

Kwa gemu nyepesi za ushindani, ndiyo, kwa sababu kadi za swali la 5 zinavuka fremu 100 humo bila taabu. Kwa mpenda hadithi na mandhari, 60Hz au 75Hz inamtosha. Ikiwa na FreeSync ni bora zaidi, maana monita hufuata mwendo wa kadi na picha haikatiki katikati.

## Vya mtumba

11. Naweza kugeuza kompyuta ya ofisini kuwa ya gemu?

Unaweza, na ndiyo njia rahisi kuliko zote ukijua mitego yake. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre huuzwa kwa wingi ofisi zinapobadilisha vifaa, na nyingi zimetunzwa vizuri.

Mtego wa kwanza ni umbo. Kuna kasha refu, kuna jembamba, na kuna dogo kabisa. Dogo kabisa liache, kwa kawaida halina nafasi ya kadi. Jembamba linakubali kadi fupi za kimo cha nusu tu, kama GTX 1650 au RX 6400 za umbo hilo. Refu ndilo la kutafuta.

Mtego wa pili ni umeme. Pawa saplai za mashine hizi mara nyingi huwa na wati kati ya 180 na 300, na plagi zake kwenye madabodi si za kawaida, kwa hiyo huwezi kuibadilisha na ya dukani bila adapta maalumu. Hapo inakubidi kadi inayoishi kwa umeme wa sloti yenyewe, ambayo hutoa hadi wati 75. GTX 1650 nyingi ziko hivyo, ingawa kuna matoleo yanayodai pini 6. Tazama picha ya ubavu wa kadi kabla ya kulipa.

Mtego wa tatu ni umri. Chukua yenye Intel kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu za swali la 15. Ya kizazi cha 4 itakuwa rahisi sana, na utaijutia mapema.

12. Kadi ya mtumba iliyotumika kuchimba sarafu za kidijitali ni sumu?

Si lazima. Ethereum ilipoacha uchimbaji mnamo Septemba 2022, kadi nyingi zilimwagika sokoni, na sehemu kubwa zinafanya kazi mpaka leo. Mchimbaji makini hupunguza umeme wa kadi yake ili abane gharama. Kinachochoka ni feni, pesti ya kupoozea, na wakati mwingine memori iliyopikwa kwa joto muda mrefu.

Hatari kubwa zaidi ni kadi bandia: kadi ya kale iliyobadilishwa BIOS yake (programu ya ndani ya kadi) ijitangaze kuwa GTX 1050 Ti au nyinginezo. Windows itaamini jina hilo. Programu ya bure ya GPU-Z haiamini kirahisi, na ikigundua huandika neno FAKE mbele ya jina. Ukiona kadi "ya kisasa" ina tundu la VGA la bluu, shuku papo hapo; GTX 10 na zilizofuata hazikuundwa nalo.

Kabla ya kulipa, omba iwashwe mbele yako. Fungua GPU-Z, endesha FurMark (programu ya kuibebesha kadi mzigo mzito) au gemu nzito kwa dakika 15, na utazame mambo matatu: joto lisipande bila kikomo, kioo kisitoe nukta au mistari ya rangi, na feni zote zizunguke bila kukwaruza. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ondoka. Hakuna bei nzuri kiasi cha kununua kadi gizani.

13. Tangazo linasema "Core i7, RAM 16, Graphics 4GB". Ni nzuri?

Haijasema chochote bado. Uliza namba kamili ya prosesa (swali la 6) na jina kamili la kadi (swali la 5). Mara nyingi hiyo "4GB" ni sehemu ya RAM inayokopwa na grafiki ya ndani ya Intel, na kadi haipo kabisa.

## Baada ya kuifunga

14. Nimeweka kadi mpya lakini kasi ni ileile. Tatizo liko wapi?

Tazama kwanza waya wa monita umechomekwa wapi. Ukiwa kwenye tundu la madabodi badala ya kadi, huenda bado unatumia grafiki ya ndani. Linachekesha, na linatokea kila mara.

Waya ukiwa sawa, ingia kwenye BIOS uwashe XMP au EXPO (mpangilio wa kasi ya RAM), kwani bila hiyo RAM hutembea kwa kasi ya chini kuliko uliyolipia. Kisha nenda kwenye mipangilio ya kioo ya Windows, maana monita ya 144Hz inaweza kuwa imeachwa kwenye 60. Mwisho sakinisha draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) kutoka kwa mtengenezaji wa kadi mwenyewe.

Vyote vikiwa sawa, cheza huku ukiangalia matumizi ya kadi. Ikiwa karibu asilimia 100, imefika mwisho wake. Punguza vivuli, au washa DLSS au FSR, teknolojia ya AMD inayofanana nayo. Ikibaki asilimia 60 huku fremu zikiwa chache na hujaweka kikomo, prosesa ndiyo inayoichelewesha, na kununua kadi kubwa zaidi hakutasaidia.

15. Nibaki Windows 10?

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (kipengele cha usalama cha kompyuta) na prosesa iliyo kwenye orodha yake, yaani, kwa kiasi kikubwa, Intel kizazi cha 8 au Ryzen 2000 kwenda juu. Kuna mbinu za kuruka sharti hilo, lakini Valorant kwenye Windows 11 hudai TPM na Secure Boot (ukaguzi wa programu kompyuta inapowaka) yenyewe, kwa hiyo utakwama mlangoni.

Linux imekuwa njia ya kweli tangu Valve, wenye duka la gemu la Steam, walipoleta Proton (programu ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux) mwaka 2018, na gemu nyingi za mchezaji mmoja zinakwenda vizuri. Valorant na Fortnite hazifunguki huko kwa sababu ya mifumo yao ya kuzuia udanganyifu. Ukicheza hizo, suala limekwisha.

16. Gemu mpya inakataa kufunguka, ingawa kadi yangu ina nguvu kuliko zilizotajwa.

Huenda haikukosa nguvu ila imekosa kipengele. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 zinadai vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga ndani ya kadi. GTX 1080 Ti, iliyokuwa mfalme mwaka 2017, haina vifaa hivyo; RX 6600 inavyo, japo ni ya bei ya chini.

NVIDIA nayo ilifunga draiva za gemu mpya kwa GTX 900 na GTX 10 mnamo Oktoba 2025, zikabaki na masasisho ya usalama tu. Kwa hiyo GTX 1060 ya mtumba bado inamfaa anayecheza gemu za miaka iliyopita, kwa bei ya kutupa. Anayetaka kufuata zinazotoka, aanzie RTX 20 au RX 6000, na kama bei ya RX 6600 iliyotumika iko karibu na ya GTX 1080 Ti, achukue RX 6600 bila kujadili.